Kosa Alilokiri Matonya

Anyesi alipokuwa bibi mzee, wajukuu wake walipenda kumwuliza habari za Wajerumani. Walitaka kusikia habari za vita na mizinga. Yeye aliwasimulia habari za ng'ombe, uwele na mume wake.

Aliwaambia kwamba Gulwe, kijiji chao cha Ugogo, wakati ule ilikuwa na harufu yake. Asubuhi ilinukia maziwa mabichi na moshi wa samadi kavu. Mvua iliponyesha milimani, mto Kinyasungwe ulijaa maji mekundu, ukanguruma siku mbili tatu. Kisha ulibaki mchanga mtupu. Wanawake walichimba visima katika mchanga huo na kuteka maji kwa vibuyu. Nyumba zilikuwa za tembe, ndefu, za udongo, zenye paa bapa. Juu ya paa walianika nafaka, na wasichana waliimba huku wakifukuza ndege.

Jioni mume wake, Matonya, alikaa karibu na zizi akapiga zeze. Hakuwa fundi mkubwa. Kulikuwa na mahali katika kila wimbo alipokosea, na kila mara alikosea hapo hapo.

"Wapo wanaopiga vizuri kuliko yeye," Anyesi alisema. "Lakini mimi nikisikia zeze, namngoja akosee."

Wakati huo walikuwa vijana. Walikuwa wameoana mwaka ule ule ambao reli ilifika Gulwe. Kando ya reli zilisimama nguzo za simu, na juu ya nguzo ulipita waya wa shaba. Watu waliutazama sana waya huo. Wanawake wa Kigogo walipenda bangili za shaba, zile zilizozungushwa mkononi mzunguko juu ya mzunguko mpaka karibu na kiwiko. Waya wa dukani ulikuwa wa bei kubwa. Huu wa serikali ulining'inia bure, unang'aa juani.

Jumbe aliwatangazia watu kwamba atakayegusa simu atafungwa mnyororo. Hakueleza zaidi ya hapo, na hakuna aliyemwuliza.

Siku moja Matonya alikuwa akichunga upande wa magharibi wa stesheni. Gari moshi lilipiga honi. Kundi la twiga lililokuwa likila miiba kando ya njia likashtuka na kukimbia. Twiga mmoja alipita chini ya simu, na shingo yake ikanasa katika waya. Nguzo iliinama. Waya ulivutika, ukakatika mahali pawili, na kipande kirefu kikaanguka majanini. Twiga akaenda zake.

Matonya alisimama pale akikitazama. Alijua ni mali ya serikali. Alitazama huku na huku, asione mtu. Akajiambia kwamba waya umeshakatika, na wenyewe wataleta mwingine. Akaukunja na kuuficha ndani ya shuka yake.

Alikwenda kwa mhunzi, naye mhunzi hakuuliza kitu. Alitengeneza bangili nzuri, na kipande kifupi kilichobaki akakirudisha. Matonya alikitundika ndani ya tembe, akakitumia kufungia vibuyu. Bangili alimpa mke wake.

Anyesi alimwuliza waya umetoka wapi. Matonya hakumficha. Alimweleza habari ya twiga tangu mwanzo mpaka mwisho. Anyesi alijua kwamba ilifaa kumwambia jumbe. Lakini bangili ilikuwa mkononi mwake tayari, naye hakutaka kuivua. Akanyamaza.

Baada ya miezi kadhaa Anyesi alikwenda stesheni kuuza maziwa. Askari mmoja wa boma alikuwa ameketi kivulini akingoja gari moshi. Aliiona bangili, akasimama, akamshika mkono. Aliujua waya wa simu kwa unene wake. Alimwuliza maswali mengi kwa Kiswahili. Anyesi wakati huo alijua Kiswahili kidogo sana, cha kuuzia maziwa tu. Askari akamwamuru amwonyeshe nyumbani kwake.

Matonya alikuwa akirekebisha ua wa zizi. Aliinua macho akamwona mke wake anakuja, na askari amemshika mkono juu ya bangili. Matonya aliwahi kufika boma la Mpwapwa, na huko alimwona mtu akipigwa kiboko. Hakuwahi kuisahau sauti ile. Sasa alifikiri kwamba Anyesi atapelekwa kulazwa chini na kupigwa pale pale.

Askari aliuliza nani aliyeharibu simu ya serikali.

"Mimi," alisema Matonya. "Nimeukata waya kwa shoka langu. Mke wangu hajui kitu."

Askari hakuuliza zaidi. Alichukua shoka lililokuwa ukutani. Alimwamuru Anyesi avue bangili, akaitia mfukoni. Kisha akamfunga Matonya mikono kwa kamba, wakashika njia ya Mpwapwa. Anyesi aliwatazama mpaka vumbi lao likatulia. Ng'ombe walikuwa wanalia zizini, na hakukuwa na mtu wa kuwapeleka majini.

Kaka yake Matonya aliitwa Sila. Alikuwa mtu mzima, mwenye mifugo mingi na mwenye huruma, lakini alikuwa mwepesi wa kuamua. Aliposikia habari alisema dawa ni moja. Atamchagua dume mnono, atampa askari, na askari atasahau. Anyesi alimwuliza itakuwaje askari akimchukua dume na asisahau. Sila akaenda zizini kuchagua dume.

Anyesi akaenda kwa Mzee Mbwana.

Mbwana alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu, mfanyabiashara wa ngozi na chumvi. Duka lake lilikuwa karibu na stesheni. Kabla ya hapo aliishi Mpwapwa miaka mingi. Huko alikuwa mmoja wa wazee walioketi barazani siku za mashauri, ambao Bwana Shauri, yaani Mjerumani mkuu wa boma, aliwauliza mila za watu kabla ya kukata hukumu. Kigogo alikisema kama mtu aliyezaliwa Ugogo. Alikuwa na tabia ya kuwakatiza watu maneno, na wengi hawakuipenda. Lakini mtu mwenye shida aliondoka kwake akiwa amepata jambo la kufanya.

Walisalimiana kwa Kigogo. "Mbukwa," alisema Anyesi, naye Mbwana akaitikia na kumvutia kigoda. Anyesi alianza kulia, na Mbwana akamwacha alie. Kisha akamwuliza mumewe ameshtakiwa kosa gani.

"Kosa la waya," alisema Anyesi.

"Waya si kosa, mwanangu. Waya ni kitu. Wanasema alifanya nini na huo waya?"

Anyesi hakuelewa tofauti. Kwake yeye mtu alikuwa na kosa au hakuwa nalo. Mbwana akasogeza magunia ya chumvi, akaketi karibu naye.

"Nisikilize," alisema. "Nina ng'ombe, na watu watatu wamenikosea. Wa kwanza amemchoma ng'ombe wangu mkuki ili nipate hasara. Wa pili ameingia zizini akaiba ng'ombe mwingine. Wa tatu amemkuta ng'ombe wangu amepotea porini. Alimjua kuwa ni wangu, lakini akamchinja akanyamaza. Wote watatu wamenipotezea ng'ombe. Huko kwenu wazee watawatoza fidia moja?"

"Hapana," alisema Anyesi. "Fidia zao hazilingani. Wa kwanza ana uadui."

"Basi hata boma ni hivyo hivyo. Kila tendo lina jina lake, na kila jina lina adhabu yake."

Akamweleza taratibu. Anayekata simu kwa kusudi, Wajerumani humwona kuwa adui anayetaka kuwaziba masikio. Tangu vita vya Maji Maji waliogopa sana jambo hilo. Mtu kama huyo hufungwa mnyororo miaka mingi, na wengine hupelekwa pwani wasionekane tena. Anayeiba waya kutoka ghalani hupigwa kiboko na kufungwa miezi mingi. Anayeokota mali ya mtu anayemjua, akaificha, naye ana kosa. Lakini kosa lake ni dogo kuliko hayo mawili. Huyo hupewa kazi ya adhabu kwa muda mfupi, au hutozwa faini.

"Sasa mumeo alifanya lipi?"

Anyesi akamweleza habari ya twiga. Mbwana alitikisa kichwa.

"Basi ameokota na kuficha. Lakini amekiri kukata. Amejibebesha mzigo usio wake. Kwa nini?"

"Aliogopa nitapigwa kiboko."

Mbwana akamwambia kwamba amri ya Wajerumani wenyewe inakataza kumpiga mwanamke kiboko. Matonya alikuwa amemkinga na jambo ambalo lisingempata. Anyesi aliinamisha kichwa. Baadaye, katika uzee wake, alisema kwamba hapo ndipo alipojua jinsi alivyopendwa, na hapo hapo alijua jinsi kutojua kunavyoweza kumpoteza mtu anayependa.

Mbwana hakumficha jambo jingine. Alimwambia kwamba anayepokea kitu, akijua kimepatikana vibaya, naye huulizwa. Akienda kusema kweli, itambidi aseme na sehemu yake. Anyesi alisema atakwenda.

Sila alifika wakati huo, na yule dume mnono nyuma yake. Mbwana alimwuliza dume ni wa nini, naye Sila akamweleza.

"Ukimpa askari ng'ombe huyu, utakuwa umehonga," alisema Mbwana. "Hilo litakuwa kosa jipya, nalo ni lako. Ndugu yako atabaki na la kwake. Mrudishe akale majani."

Kisha Mbwana akauliza kama kulibaki kipande chochote cha waya. Anyesi alikumbuka kile cha kufungia vibuyu. Sila alishtuka. Alitaka kifukiwe mtoni kabla askari hawajarudi kupekua. Aliona kwamba kukipeleka boma ni kujipeleka wenyewe. Lakini Mbwana aliomba kwanza akione, na Anyesi akaenda kukileta.

Mbwana alikigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. Ncha moja ilikatwa na mhunzi, nayo ilikuwa butu. Ncha ya pili ilikuwa imekonda, imechongoka kama mkia wa panya. Alichukua shoka la dukani akakata waya mwingine, wa kuuza, ili waone. Ncha yake ilibonyea, ikawa bapa.

"Mnaona?" alisema. "Shoka linabonyeza. Hii imevutwa mpaka ikakatika. Kipande hiki kitasema kwamba Matonya alichukua. Vile vile kitasema kwamba hakukata. Kukifukia ni kufukia yote mawili."

Sila akasema Anyesi ndiye aamue. Anyesi alikifunga kipande kile katika pindo la nguo yake.

Palikuwa na mtu mmoja zaidi wa kuombwa. Huyo alikuwa Hassani, mnyapara wa mafundi wa simu, aliyekuwa na kambi yake stesheni. Yeye ndiye aliyeitengeneza simu baada ya twiga kuivunja. Hakufurahi kuombwa. Alisema waya ule ulipotea, naye alilaumiwa kwa ajili yake. Lakini hakupenda mtu afungwe kwa kosa lisilo lake, akakubali kwenda.

Asubuhi waliondoka wote wanne kwa miguu. Siku ile njia ya Mpwapwa ilikuwa ya baridi, na milima ilikuwa ya buluu. Anyesi aliikumbuka hata alipozeeka. Alisema hakuwahi kuiona milima ile ikiwa mizuri vile, naye alikuwa na hofu kuliko siku zote.

Shauri lilisikilizwa katika baraza ya boma. Bwana Shauri aliketi nyuma ya meza. Mkalimani alisimama kando yake, na wazee walikaa kwenye benchi. Matonya aliletwa akiwa na mnyororo shingoni, pamoja na wafungwa wengine wawili. Alipomwona Anyesi, uso wake ulibadilika. Alimwambia kwa Kigogo aende nyumbani.

Bwana Shauri alimwuliza Matonya kama aliukata waya wa simu. Matonya alisema ndiyo. Mbwana akaomba ruhusa ya kusema, na kwa kuwa alijulikana pale, alipewa. Alisema mke wa mshtakiwa ana ushahidi.

Anyesi alisogea mbele. Alifungua pindo la nguo yake, akaweka kipande cha waya juu ya meza. Alisema mumewe hakukata kitu. Alieleza habari ya twiga. Alieleza habari ya mhunzi. Alisema na yeye alijua bangili imetoka wapi, akaivaa. Mkalimani alitafsiri neno kwa neno.

Bwana Shauri alikichukua kipande kile, akakitazama.

"Mwambie hivi," alimwambia mkalimani kwa Kiswahili. "Anafahamu kwamba kwa kipande hiki anathibitisha mumewe alichukua mali ya serikali?"

"Nafahamu," alisema Anyesi. "Alichukua. Hakukata."

Hassani aliitwa. Alisema alipofika mahali pale aliona nyayo za twiga, na nguzo imeinama. Ncha zilizobaki juu ya nguzo zilikuwa zimekonda, sawa na ile iliyokuwa mezani. Alizijua ncha za namna hiyo, kwa sababu twiga walivunja simu mara nyingi.

Ndipo Bwana Shauri akamgeukia Matonya. Alimwambia nguzo zile ni ndefu na hazina ngazi, akamwuliza alipandaje. Matonya akakubali kwamba hakupanda. Aliulizwa tena kwa nini amesema uongo. Alitazama chini, kisha akasema aliogopa watampiga mke wake.

Bwana Shauri hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema shtaka la kuharibu simu ameliondoa. Alimwona Matonya na kosa la kuokota mali ya serikali na kuificha. Kwa kosa hilo alimpa miezi mitatu ya kazi ya barabara. Alimwonya kwamba kuidanganya baraza nako ni kosa, na safari hii amelisamehe. Anyesi alionywa, na bangili ikabaki boma.

Sila aliona miezi mitatu ni mingi, akataka kulalamika. Mbwana alimwambia ahesabu tofauti ya miezi na miaka, ndipo aseme.

Miezi ile Anyesi alipeleka chakula barabarani kila alipoweza. Sila alichunga ng'ombe wa ndugu yake pamoja na wake. Adhabu ilipoisha, Anyesi alikwenda Mpwapwa kumpokea mume wake. Matonya alikuwa amekonda, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome la mti.

Katika siku zile mume alitembea mbele na mke nyuma. Siku hiyo Matonya alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. Alitaka kusikia yote aliyoyasema Mzee Mbwana. Anyesi alimweleza habari ya ng'ombe na watu watatu. Matonya alimwomba amweleze tena.

"Mimi nilidhani kosa ni kosa tu," alisema.

"Hata mimi."

"Ningefia pwani."

"Siku nyingine usinibebee mzigo bila kuniuliza," alisema Anyesi. "Niulize kwanza."

Matonya akacheka kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

Tangu hapo mambo yalibadilika nyumbani kwao, na hata kijijini. Mtu aliposhikwa, watu hawakukimbilia porini wala hawakutafuta dume wa kuhonga. Walikuja kwa Matonya na Anyesi, nao waliuliza kwanza jina la shtaka. Kijana mmoja, Bartolomayo, alimjeruhi mwenzake katika ugomvi wa pombe. Ilisemekana alitaka kuua, na ndugu zake walikuwa tayari kumtorosha. Matonya alimpeleka boma yeye mwenyewe, pamoja na watu walioona ugomvi. Kijana alikiri alichofanya, na alikataa asichofanya. Alihukumiwa kwa kosa la kujeruhi. Alilipa fidia, akatumikia adhabu yake, akarudi kuoa.

Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, na baadaye nchi ikawa yetu wenyewe. Sheria za leo si zile za boma, na mahakama za leo si zile za Bwana Shauri. Lakini mshtakiwa bado anatakiwa kuelewa shtaka lake kabla ya kulijibu. Ni haki yake kusomewa shtaka kwa lugha anayoifahamu. Ni haki yake kuuliza adhabu ya kosa hilo ni ipi. Na asikiri jambo ambalo hakulitenda, hata kwa kumpenda mtu.

Matonya alifariki akiwa mzee. Mbwana alikuwa ametangulia zamani, akazikwa kwao Kondoa. Wajukuu walimwuliza Anyesi kama angependa siku zile zirudi. Alifikiri. Alisema mnyororo usirudi, na kiboko kisirudi.

"Lakini njia ile ya kutoka Mpwapwa," alisema, "tulipokuwa sambamba, na yeye ananiuliza, 'Kisha Mzee Mbwana akasemaje?' Hiyo ningeitembea tena, polepole."